Siku Kimulot Walipomchukua Baba

Kericho mtu hutambuliwa kwa mwavuli wake kabla hujamwona uso. Mwenye mwavuli mweusi mkubwa ni karani au mchungaji. Mwenye mwavuli uliovunjika mbavu mbili, na bado anatembea nao kwa maringo, huyo ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa kwanza hana mwavuli kabisa, kwa sababu aliwasili siku ya jua na akadhani ndivyo mambo yalivyo huku. Mvua yetu huja baada ya chakula cha mchana, inafanya kazi yake, inaenda. Mhadhiri anayetaka darasa lijae huliweka saa nane, maana ikishaanza kunyesha hakuna anayeweza kutoka.

Mimi ni mtu wa hapa. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, nikasoma shule ya msingi ya shamba, na nilipopata nafasi ya chuo kikuu, kati ya vyuo vyote vya nchi hii, nikachagua kile nilichokuwa nakiona kila siku ng'ambo ya chai. Wenzangu walinicheka. Wao walitaka kwenda mbali waonekane wamesoma. Mimi nilitaka kukaa pale pale nione mji wangu ukijazwa na vijana wa kila kona, wenye magodoro kichwani na ndoo za plastiki, wanaouliza njia ya hosteli na kuuliza kama baridi hii huisha.

Nataka niseme wazi kwamba naupenda mji huu kupita kiasi. Ni mji wa kadiri. Hauna ukubwa wa kukupoteza, na ukimtukana mtu asubuhi utakutana naye saa tisa kwenye foleni ya fotokopi, mtasalimiana, na yataisha. Kila jengo jipya lina chuo juu, duka la simu katikati na kinyozi chini. Vijana wa bodaboda humwita kila mwenye begi "daktari", na msimu wa mazoezi ya ualimu ukifika wanabadilisha wote pamoja, wanaita "mwalimu". Mama anayeniuzia mboga hana kalenda ya chuo wala haihitaji. Wanafunzi wakianza kununua mayai, anajua mitihani imekaribia. Wakirudi kwa sukuma wiki, imekwisha. Likizo ikifika mji mzima hupiga miayo, hata mbwa hukosa wa kumbwekea, na sisi wenyeji tunaanza kulalamika kwamba tumewakosa wale wale tuliokuwa tukilalamika wanapiga kelele.

Baba yangu hakuupenda hivyo. Au aliupenda na hakutaka kujua. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akakusudia kufanya kazi msimu mmoja, akakaa kwenye mashine za kukausha chai za kiwanda hadi sharubu zikawa nyeupe. Kipsigis, lugha ya wenyeji, anakiongea hadi ng'ombe wanamwelewa. Lakini ukimuuliza, alikuwa na jibu moja tu: "Sisi hapa tulikuja kazini." Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati. Kila uchaguzi ulipokaribia alilitoa, akalipangusa vumbi na kuliweka karibu na mlango, tusije tukafukuzwa ghafla. Mwaka mwingine lilirudi chini ya kitanda wiki hiyo hiyo. Mwaka mwingine lilikaa mlangoni mwezi mzima, nasi tukawa tunaliruka tukienda kuteka maji.

Mwezi aliostaafu ndio mwezi niliofuzu. Mama alikuwa ametangulia ziwani kufungua nyumba na kufuga kuku wa sherehe. Mpango wa Baba ulikuwa kwamba siku ya mahafali, joho likishavuliwa tu, tungepanda gari pamoja na sanduku na kwenda moja kwa moja nyumbani. Sote wawili. Asubuhi hiyo alipita kwenye chumba changu cha hosteli, akachukua sufuria zangu mbili, akazifunga kwa shuka na kuzitia ndani ya sanduku, akalifunga kwa kufuli. Ufunguo aliutia mfukoni mwa suruali.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimepata kazi. Kiwanda kimoja kilinichukua kwenye chumba cha kuonja chai, nianze Jumatatu. Ni kazi ya kupanga vikombe mstari mzima, kuvuta chai kwa kijiko kwa sauti ambayo nyumbani ungechapwa kwa kuitoa, kuizungusha mdomoni, kisha kuitema.

"Kuitema?" Baba aliuliza nilipomweleza. "Mimi nimekaa na chai maisha yangu yote na sijawahi kutema hata tone."

"Ndiyo kazi yenyewe, Baba."

"Wapigie simu uwaambie asante. Hapa huna watu."

"Nina marafiki."

"Marafiki si watu," alisema. "Watu ni wale ambao ukianguka barabarani wanajua wakupeleke kwa nani."

Sikupiga simu hiyo. Nilikubali kwa mdomo, na moyoni nikapanga kwamba nitamwomba mara ya mwisho siku ya mahafali, baada ya picha. Mzazi akishapigwa picha na mtoto mwenye joho huwa hana nguvu ya kukataa kitu. Hayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu miaka minne.

Kwa hiyo siku ilipofika, sherehe ilipokwisha na watu wakamwagika nje ya geti wakiimba kwa lugha zote, nilivua joho na kofia nikamvisha Baba. Huku kwetu hiyo ni kama sheria. Mwanafunzi akishafuzu, joho lazima limkae mzazi, maana ndiye aliyelisomea kwa jasho. Baba alikataa kidogo. "Mimi? Darasa la saba?" Akavua koti lake akanipa nimshikie, na simu ikiwa mfukoni mwake, ili joho limkae vizuri. Likamkaa. Jamani, likamkaa! Alikuwa mrefu, amenyooka, na zile sharubu nyeupe chini ya kofia ya pembe nne, ungedhani ndiye aliyetutunuku sisi digrii. Nilicheka kwa furaha nikakimbia kutafuta mpiga picha.

Mpiga picha nilimpata akiwapanga watu wa ukoo mmoja mbele ya pazia la maua ya plastiki, na ukoo wenyewe haukuwa unaisha. Nilipogeuka, Baba alikuwa amezungukwa.

Walikuwa akina mama kama ishirini, wenye vitambaa vya kanisa kichwani na gambuti miguuni, wakiimba. Mbele yao alikuwa mama mmoja mzee, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alikuwa amebeba sinendet, ule mmea wa kijani unaotambaa msituni, ambao Wakipsigis humvisha shingoni mtu aliyeshinda. Wa pili wake alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala hadi yakawa mazito.

"Chamge!" alisalimu yule mama.

"Chamge mising!" Baba akajibu, tena kwa lafudhi ya pale pale.

"Mzee, tumekuja kukuchukua," akamwambia kwa Kipsigis.

"Kongoi," Baba akasema. Ndiyo asante yao.

Wakamvisha. Wakampa kibuyu. Sasa, mtu akipewa mursik hasemi "ngojeni kwanza". Hata adui yako akikupa, unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, ndipo mnaongea. Baba amekaa nao maisha yote, anajua adabu hiyo kuliko wengi waliozaliwa nayo. Akanywa. Vigelegele vikapasua anga. Nikaita "Baba!" kwa nguvu zangu zote, na wazee wote waliokuwa pale getini wakageuka isipokuwa wangu. Kabla sijawapenya watu, walikuwa wamempandisha basi la shule la manjano, wakafunga mlango, wakaenda. Kitu cha mwisho nilichoona ni mkono wa joho ukipunga dirishani kwa mdundo wa wimbo.

Nilisimama na koti mkononi. Nilitaka kulia, lakini kicheko kilikuwa kimetangulia, basi vikatoka pamoja. Hapo ndipo mzee mmoja aliponigusa bega. Alikuwa mrefu, amenyooka, sharubu nyeupe, na joho.

"Samahani, msichana. Kuna wamama wa Kimulot walikuwa wanichukue hapa. Wako na sinendet."

"Wameenda."

"Wameenda na nani?"

"Na baba yangu."

Alilifikiria jambo hilo polepole, bila haraka yoyote. Akanieleza kwamba yeye ndiye mwalimu mkuu mpya wa shule moja ya Kimulot. Alikuwa ameteuliwa juzi tu, baada ya kusoma digrii kila likizo kwa miaka mingi. Wazazi wa huko hawakuwa wamemwona hata siku moja. Waliambiwa tu wamtafute mzee mrefu wa sharubu, kati ya vijana wote watakaovaa joho.

"Baba yako ni mwalimu?" akauliza.

"Ni mtu wa kukausha chai."

"Anaongea Kipsigis?"

"Kama wewe."

"Basi tumekwisha," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Akampigia simu mwenyekiti wa wazazi. Ilipokelewa. Tukasikia nyimbo, honi, vigelegele, na sauti ya mwanamume ikipiga kelele kwa furaha: "Tuko naye! Mwalimu tuko naye kwa basi!" Kisha ikakatika.

Tukapanda gari letu, Probox ya kijana wa jirani yetu wa shambani, sanduku la bati likiwa juu limefungwa kwa mipira. Mwalimu mkuu alikaa mbele na joho lake limekunjwa mapajani. Kijana alikanyaga mafuta kama aliyekuwa akingoja siku hiyo tangu apate leseni. Shida ni kwamba mabasi yote ya shule katika nchi hii ni ya manjano, na siku ya mahafali yote yako barabarani. Tulilifuata moja kwa ari kubwa hadi tukagundua linaelekea Bomet na limebeba kwaya ya watu wengine, nao wakatupungia mikono kwa upendo. Tukageuza. Kwenye njia panda tukamuuliza mwendesha boda.

"Mzee wa joho? Ako na kofia ya mraba?" akauliza. "Huyo amepita hapa akidansi kwa dirisha. Huyo mzee amesoma, aki!"

Ni barabara ya chai kushoto na chai kulia, na mvua ilikuwa imekuja kwa wakati wake. Mwalimu mkuu aliniuliza nimesomea nini na nitafanya nini sasa. Nikamweleza yote, kazi ya kuonja, sanduku, sufuria, na kwamba nilikuwa nimemwekea Baba maneno ya kumwambia baada ya picha, na sasa picha yenyewe haikupigwa.

"Unataka kubaki?" akauliza.

"Nataka kubaki hadi kichwa kinaniuma," nikasema, na nikashangaa jinsi nilivyolisema kwa mtu nisiyemjua.

Tulipofika, mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Kwenye uwanja wa shule kulikuwa na hema, wanafunzi wamepangwa na sweta zao, moshi wa nyama nyuma ya madarasa, na meza kuu yenye kitambaa cheupe. Katikati ya meza hiyo aliketi baba yangu. Sinendet ilikuwa imemfika masikioni, na kofia ilikuwa imelala upande. Mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumkaribisha mwalimu mkuu mpya aseme neno, na watu wote walikuwa wakipiga makofi. Baba akasimama. Mimi na mwalimu mkuu tukasimama pale pale nyuma ya hema, hakuna aliyetuona.

Aliongea kwa Kipsigis, naye hakuinua sauti.

"Watu wa Kimulot, mimi si mwalimu. Niliacha shule darasa la saba. Joho hili ni la mtoto wangu. Mimi nilikuwa nakausha chai kiwandani hadi mwezi huu. Majani mnayochuma hapa yamepita mikononi mwangu miaka yangu yote. Mlipokuja kuimba pale getini, nilidhani mmekuja kuniaga. Nikasema moyoni, kumbe waliniona. Tulipofika darajani nikawasikia mkitaja shule, nikajua mmekosea mtu. Lakini nilikuwa nimeshakunywa. Mnisamehe."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye turubai. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa koti lake. Nimeishi na mtu huyo maisha yangu yote, na sikujua kwamba alikuwa akingoja mtu yeyote amwone.

Mwalimu mkuu alipiga kikohozi, akavaa joho lake, akatembea katikati ya viti hadi mbele, akasimama kando ya Baba. Wazee wawili warefu, majoho mawili, sharubu mbili. Watu wakamtazama huyu, wakamtazama yule, na mahali fulani nyuma mama mmoja akaanza kucheka. Kicheko hicho kilipita mstari hadi mstari, watoto wakashika matumbo, mwenyekiti akafunika uso kwa karatasi ya ratiba, na mimi nikacheka hadi mbavu zikauma. Hata Baba. Nilimwona mabega yakitikisika chini ya majani.

Yule mama mzee mfupi ndiye ambaye hakucheka sana. Alimsogelea Baba akaweka mikono kiunoni.

"Umekaa kwetu miaka hiyo yote na unaenda, na hakuna mtu amekuaga?"

"Kiwandani walinipa saa ya ukuta."

"Saa!" akapaza sauti. "Mtu anaenda zake unampa saa, ndio ajue amechelewa?" Watu wakaangua tena. "Keti chini, mzee. Sinendet haitolewi kwa shingo ya mtu. Huyu mwalimu tutamkatia ingine, iko mingi kwa msitu. Leteni nyama."

Wakamsukumia mwalimu mkuu kiti upande wa pili wa kibuyu. Alikikalia bila kinyongo, akanong'ona kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mahafali mazuri hivi. Mimi nikaitwa mbele. Yule mama alinishika kidevu akanigeuza uso kama anayekagua ndizi sokoni.

"Na huyu?"

"Ni msichana wangu," Baba akasema. "Ndiye mwenye joho."

"Kumbe tunamvisha baba na mwenye kazi hana kitu!" Akakata kipande cha sinendet kutoka kwa ile ya Baba akanifunga shingoni. Ilikuwa na unyevu na harufu ya msitu, na maziwa kidogo yalikuwa yameimwagikia. Kisha akauliza kile nilichokuwa naogopa kuuliza. "Na yeye pia anaenda ziwani?"

Baba aliiweka sawa kofia yake. Maneno yote niliyoyapanga kwa ajili ya baada ya picha yalinitoroka, na nilikuwa na hofu kwamba akifungua mdomo atasema lile lake la siku zote, na nikisikia tena mbele ya watu hawa kwamba sina watu nitaanguka pale pale. Ndipo simu ikalia ndani ya koti nililokuwa nimeshika. Nilimpa Baba. Mama huongea kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya maji, na sote tulimsikia, ingawa ni mimi na Baba tu tulioelewa lugha yetu.

"Mko wapi nyinyi? Kuku wameiva!"

"Tumechelewa kidogo," Baba akasema. "Tuko kwa watu."

"Watu gani? Si wewe husema Kericho hatuna watu?"

Baba alitazama meza. Yule mama alikuwa akimjazia sahani bila kuuliza kama anataka. Mwalimu mkuu alikuwa akimpangusia mursik kwenye joho kwa leso yake mwenyewe. Kijana wetu wa Probox alikuwa tayari ana mfupa mkononi.

"Ni watu wa mtoto," Baba akasema.

Akanirudishia simu, Mama akiwa bado anauliza maswali. Akainua pindo la joho, akaingiza mkono mfukoni mwa suruali, akatoa ufunguo mdogo wa kufuli akauweka kiganjani mwangu.

"Nenda kwa gari," aliniambia. "Toa sufuria zako."